Slovenia: ziwa, mto, pango au bahari?

Kila kiangazi kikikaribia, simu huwa ni zilezile. Ndugu walioko Ujerumani, Uholanzi, Uswidi, wote na swali moja: "Kaka, tunataka kupita Slovenia siku tatu hivi, tuone nini?" Neno linalonisumbua hapo ni "kupita". Nchi ni ndogo kweli. Eneo lake ni kilomita za mraba 20,271 na watu wake ni milioni 2.1 hivi. Mkoa wetu wa Tanga peke yake unaizidi kwa ardhi na kwa watu. Asubuhi unaweza kunywa chai Lendava, mpakani na Hungaria, na mchana ukala samaki Koper, ufukweni. Udogo huo ndio unaowaponza wageni. Wanaizunguka yote kwa siku mbili, wanaiona kupitia kioo cha gari, wanarudi na picha moja ya ziwa, moja ya pango na moja ya bahari.

Mimi naishi Munich, na huko nimekwenda mara nyingi, peke yangu, na mke wangu, na watoto. Nimefikia kuamini kwamba hapo hauchagui mji, unachagua maji. Kaskazini-magharibi ni maziwa ya milimani na mto wa rangi ya zumaridi. Kusini-magharibi ni maji yaliyojificha chini ya mawe, kisha bahari yenye chumvi. Mashariki ni mto mpana wa tope na chemchemi za moto. Kila upande maji yake ndiyo yaliyoumba mashamba, chakula na hata tabia za watu. Chagua mawili tu, lala huko, uyaelewe.

Bled au Bohinj

Bled ndiyo ile ya kwenye kalenda: ziwa, kisiwa, kanisa juu ya kisiwa, ngome juu ya jabali. Kulizunguka kwa miguu ni kilomita sita hivi, na njia imesawazishwa kiasi kwamba hata mwenye kigari cha mtoto hapati shida. Boti za injini haziruhusiwi, kwa hiyo kisiwani unakwenda kwa pletna, boti pana ya chini bapa yenye paa la turubai, na mpiga makasia amesimama nyuma. Kazi hiyo hurithiwa ndani ya koo. Ukishuka unakutana na ngazi 99. Mila yao ni bwana harusi kumbeba bibi harusi hadi juu, na bibi harusi asitamke neno njia nzima. Kisha kuna keki ya mraba yenye kastadi na krimu, kremna rezina, inayopikwa pale tangu 1953. Ni nzuri, ile haina mjadala.

Lakini mwezi wa Julai na Agosti Bled hujaa watu mpaka ziwa unaliona kwa kuchungulia mabegani. Nusu saa mbele kwa gari kuna Bohinj, ambalo ndilo ziwa kubwa la kudumu la nchi, urefu kilomita 4.2. (Neno "la kudumu" shikilia, nitalirudia.) Liko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Triglav, hifadhi ya taifa pekee waliyonayo. Hakuna kisiwa, hakuna ngome. Kuna daraja la mawe, kanisa dogo la zamani kando yake, na maji yanayofika moja kwa moja hadi miguuni pa milima. Upande wa pili gari la nyaya linapanda Vogel, na kutoka huko juu unaiona Triglav yenyewe, mita 2,864, mlima uliomo kwenye bendera yao. Wenyeji husema Mslovenia hajawa kamili mpaka aupande.

Pale Bohinj ndipo lugha yao iliponishika. Mama mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa akisema na mke wangu na mimi kwa neno "vidva", lakini watoto walipoingia akabadilisha. Nikamwuliza. Kumbe Kislovenia kina umoja, wingi, na katikati yake uwili, kama Kiarabu. Vidva ni ninyi wawili, hakuna wa tatu. Mke wangu alilipenda neno hilo, na hadi leo tunalitumia nyumbani.

Kwa hiyo: ukiwa na mzee asiyeweza kutembea sana, au una saa chache tu, au harusi ndiyo imewaleta, nenda Bled. Ukitaka kuogelea kwa utulivu na kuamka ukisikia kengele za ng'ombe, nenda Bohinj. Jua tu kwamba Bohinj ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi nchini. Safari yetu ya pili ilinyesha siku mbili mfululizo, tukakaa dirishani. Tulichofaidi ni maporomoko ya Savica, mita 78, ambayo baada ya mvua hunguruma hadi kifuani. Ngazi za kuyafikia ni zaidi ya 500, kwa hiyo viatu viwe viatu, si kandambili.

Soča: mto wa kutazamwa na mto wa makaburi

Kutoka Kranjska Gora barabara inapanda pito la Vršič, mita 1,611, kwa kona 50 zilizohesabiwa kwa vibao. Ilijengwa na wafungwa wa vita wa Kirusi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Machi 1916 maporomoko ya theluji yaliwafunika wengi wao, na wenzao wakajenga kanisa dogo la mbao ambalo bado limesimama kando ya barabara. Ukishuka upande wa pili unaingia bonde la Trenta, na hapo ndipo unapouona mto.

Rangi yake sijui niieleze vipi kwa mtu wa Pwani. Siyo bluu ya bahari ya Pangani wala kijani cha mto wa kawaida. Ni kama kioo cha chupa ya kale kilichowekwa juu ya changarawe nyeupe, na unaona kila kijiwe chini. Maji ni baridi mno hata Agosti. Mwanangu mkubwa alitumbukiza miguu, akahesabu hadi ishirini, akatoka amekasirika. Bovec ndiko vijana wanakokwenda kupanda boti za mpira na mitumbwi ya kayaki. Mei maji huwa mengi kwa sababu ya theluji inayoyeyuka, Agosti huwa ya upole zaidi kwa wanaoanza.

Lakini aliyekwenda Soča bila kushuka Kobarid hajaiona. Kati ya 1915 na 1917 Italia na Austria-Hungaria zilipigana mapigano 12 kando ya mto huu, la mwisho likianzia hapo Oktoba 1917. Makumbusho ya mji ni madogo, vyumba vichache, ramani, picha za vijana wa miaka kumi na tisa. Juu ya kilima kuna jengo lenye mabaki ya maelfu ya wanajeshi wa Italia, majina yao yamechongwa ukutani. Nilisimama pale nikakumbuka makaburi ya Tanga, ya mapigano ya Novemba 1914, Waingereza na askari wa Kihindi wakishuka kwenye meli, Wajerumani na askari wetu wakiwangoja mjini. Ni vita ileile. Nilikuwa nimekua nikipita karibu na makaburi yale, na sikuwahi kuyaunganisha na mto wa Ulaya mpaka siku ile.

Tatizo la Soča ni usafiri. Bila gari inachosha: mabasi ni machache, na pito la Vršič hufungwa theluji ikiwa nyingi. Kuna njia moja ninayoipenda kuliko zote. Reli ya mwaka 1906 inatoka Jesenice, inapita Bled na Bohinjska Bistrica, inatoboa mlima kwa handaki la kilomita sita na ushee, inatokea bonde la Soča na kuufuata mto hadi Nova Gorica. Karibu na mwisho kuna daraja la Solkan, ambalo tao lake la mawe, mita 85, ndilo refu kuliko yote ya mawe duniani kwenye reli. Kaa upande wa dirisha.

Postojna au Škocjan

Hapa mtu wa Tanga ana la kusema, kwa sababu tumelelewa na mapango ya Amboni. Mawe yetu na yao ni ya aina moja, chokaa. Maji ya mvua huingia kwenye nyufa, huyeyusha jiwe polepole, na baada ya miaka mingi isiyohesabika panabaki vyumba. Nyanda hizi zao zinaitwa Kras, na kutoka jina hilo wanajiolojia wa dunia nzima wamepata neno la kuita ardhi yoyote ya namna hii, Amboni ikiwemo.

Postojna ni pango la kilomita 24, na tangu 1872 lina reli ndani yake. Unakaa kwenye kitoroli kilicho wazi, kinaondoka kwa kasi, mawe yanapita juu ya kichwa chako mpaka unajikunyata. Watoto wangu walitaka kurudia papo hapo. Ndani kuna chumba kikubwa kiasi cha kupigia muziki wa okestra, na kuna kiumbe mmoja wa jamii ya vyura na mijusi ya majini, mweupe mwenye wekundu wa ngozi ya mtu, kipofu, mwenye miguu minne midogo. Wenyeji humwita samaki-mtu. Anaweza kukaa miaka bila kula. Nilimwona kwenye tangi lenye mwanga hafifu, amelala tuli, matamvua mekundu ya kupumulia yakitikisika shingoni kama nyuzi. Binti yangu alinong'ona, "Baba, anatusikia." Tukanyamaza wote.

Škocjan ni jambo jingine kabisa. Hakuna treni, hakuna muziki, na picha ndani hazipigwi hovyo. Unashuka na kiongozi, vyumba vya kwanza viko kimya, halafu unaanza kusikia mngurumo. Ni mto Reka. Umeingia ardhini karibu na hapo, na unapita chini yako kwenye bonde lililo ndani ya mlima. Unavuka daraja lililo mita 45 hivi juu ya maji, taa ndogondogo zinapanda ukuta wa pili kama watu wanaotembea na karabai usiku. Mto huo unapotea hapo, na kutokea tena upande wa Italia kwa jina la Timavo. UNESCO waliyaandika mapango haya mwaka 1986, na ukishafika huhitaji kuuliza kwa nini.

Mwenye watoto wadogo au magoti mabovu, Postojna. Mtu mzima mwenye nguvu ambaye atalipa kiingilio cha pango moja tu maishani, Škocjan, bila kusita. Kote beba koti, kwa sababu nje kukiwa na jua la nyuzi 33, ndani ni nyuzi 10 hadi 12.

Sasa lile neno "la kudumu". Karibu na Postojna kuna ziwa la Cerknica, ambalo likijaa huwa kubwa kuliko maziwa yote ya nchi, na kiangazi linaweza kutoweka lote kupitia mashimo ya chini. Mwezi mmoja watu wanavua samaki, mwezi mwingine wanakata nyasi palepale. Mto wa Ljubljana, mji mkuu wao, nao umepitia huko, ukizama na kuibuka mara kadhaa, na kila unapoibuka hupewa jina jipya. Wanauita mto wa majina saba.

Ukibaki siku ya pili Kras, nenda Lipica, ambako farasi weupe wanazalishwa tangu 1580. Vitoto vyao huzaliwa vyeusi au vya kahawia na kuwa vyeupe baada ya miaka.

Bahari ndogo, chumvi kubwa

Pwani yao ni kilomita 47 hivi. Nasema wazi kwa watu wetu: usiende kwa ajili ya ufuo. Mchanga ni haba, zaidi ni saruji na kokoto, na aliyezoea Bamburi au Nungwi atasikitika. Portorož ni hoteli na vitanda vya jua, sina zaidi ya kuueleza. Piran ndio mji. Ulikuwa chini ya Venice hadi 1797, vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba jirani humpa jirani chumvi dirishani, na vibao vyote ni vya lugha mbili, Kislovenia na Kiitaliano. Mtu wa Lamu au Mji Mkongwe ataelewa papo hapo jinsi ya kutembea humo: acha gari nje, fuata kivuli.

Lakini kilichonirudisha Pwani hiyo mara tatu ni Sečovlje, kwenye mpaka wa Kroatia. Huko chumvi inavunwa kwa mkono kwa zaidi ya miaka 700. Kule kwetu majaruba ya chumvi nayafahamu tangu utoto, kwa hiyo nilidhani sina la kujifunza. Nikakuta chini ya maji wanalea tabaka jembamba la mwani na madini, wanaliita petola, kama mkeka unaotenganisha chumvi na tope. Msimu ukiisha wanalitunza kama mtu anavyotunza chachu ya mikate. Ndiyo maana chumvi yao inatoka nyeupe bila kuoshwa. Mvunaji mmoja, mzee mwenye kofia ya majani, alikuwa akivuta chumvi kwa reki la mbao, taratibu, bila kugusa chini. Nilimweleza kwa Kiitaliano changu kibovu kwamba na kwetu Afrika Mashariki tunavuna hivi. Akanipa reki nivute mara moja. Nilikwaruza. Akanishika mkono, akaushusha kidogo, akasema neno moja ambalo sikulielewa, nikavuta tena. Safari hii ilikuja safi, nzito, yenye maji.

Uvunaji ni kati ya Juni na Agosti hivi, jua likiwepo. Mvua ikinyesha hakuna kinachovunwa.

Upande ambao simu hazinipigii

Hakuna anayeniuliza kuhusu mashariki, na ndiko ninakotaka watu waende. Prekmurje maana yake ni ng'ambo ya mto Mura. Hadi 1919 ilikuwa ya Hungaria, na leo vijiji vya mpakani bado vina Kihungaria kama lugha rasmi ya pili. Ni tambarare: mahindi, maboga, barabara zilizonyooka ambazo hata asiyejua baiskeli vizuri anaweza kuziendesha. Juu ya nguzo za umeme kuna viota vya korongo weupe, wale wanaopita anga la Afrika Mashariki kila mwaka wakienda kusini na kurudi. Kumwona ndege unayemjua kutoka kwenu, amesimama kwa mguu mmoja juu ya paa la mkulima wa Ulaya, ni furaha ya peke yake.

Moravske Toplice mwaka 1960 watu walichimba wakitafuta mafuta, wakakuta maji ya moto, meusi, yenye harufu. Leo ni mabwawa ya kuogea, na wazee wenye maumivu ya viungo huyapenda. Chakula ni kingi na bei huwa nafuu kuliko Bled: mafuta ya mbegu za maboga, ya kijani iliyoiva hadi kuwa nyeusi, yanamiminwa juu ya saladi, na gibanica, keki ya tabaka za mbegu za popi, jibini laini, njugu za walnati na matofaa, ambayo kipande kimoja kinatosha mtu na nusu. Njiani kuna Ptuj, ambako Februari wanaume huvaa ngozi za kondoo na kengele kiunoni, wanaitwa Kurent, wakizunguka kufukuza baridi. Mila hiyo iliingia orodha ya UNESCO 2017. Na Maribor kuna mzabibu uliopandwa zaidi ya miaka 400 iliyopita, ungali unazaa.

Ukishaamua

Mwenye siku tatu bila gari: lala Ljubljana usiku mmoja, kwa sababu treni na mabasi yote hukutana hapo na katikati ya mji magari hayaingii, kisha siku mbili Piran, ukipitia Škocjan kwa treni hadi Divača na kutembea kama saa moja. Mwenye siku tano na gari: Bohinj mbili, Soča tatu. Mwenye wiki na wazazi waliozeeka: Prekmurje, na siku moja tu Bled. Kwa barabara kuu lazima ununue stika ya kielektroniki kabla ya kuingia. Wanakagua kwa kamera, na faini ni kubwa kuliko usiku wa hoteli. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen hahitaji viza nyingine.

Waislamu wenzangu huniuliza chakula. Milimani na Kras uliza kila mara, maana nyama ya nguruwe huingia hata kwenye mboga: žganci, ugali wao wa nafaka nyeusi, mara nyingi humwagiwa mafuta yake yaliyokaangwa. Mwambie mpishi alete na maziwa mgando badala yake, anaelewa. Pwani ni samaki, huna wasiwasi. Ljubljana kuna Wabosnia wengi wenye mikahawa yao, na tangu 2020 kuna msikiti uliojengwa kuwa msikiti, wa kwanza mjini humo, mzuri sana kwa ndani na kuba lake la bluu.

Sisi mwaka huu ni Prekmurje. Watoto wanataka Postojna tena, tutapitia wakati wa kurudi. Korongo huanza kuondoka Agosti, na mke wangu anataka kuwaona wakikusanyika mashambani kabla ya safari, kwa hiyo nyumba tumeshapanga kuanzia tarehe 5.